Gari la spoti kwenye mji wa mawe

Bei ndiyo inayowaponza watu. Ukiingia usiku kwenye tovuti za magari ya mitumba kutoka Japani, utakutana na Porsche 911 ya mwaka 2003, rangi ya fedha, viti vya ngozi, kilomita chache, na bei isiyofikia hata ya Land Cruiser V8 iliyotumika. Unashusha kidole kidogo, unaikuta Ferrari 360 Modena ya mwaka 2001. Hiyo ni ghali, ila si ghali ya kutisha: iko kwenye fungu moja na Land Cruiser mpya, na Land Cruiser mpya tunaziona kila siku zikipanda Capri Point hapa Mwanza. Hapo ndipo mtu anapoanza kujiuliza swali ambalo mchana asingethubutu kulitamka mbele ya mkewe.

Swali lenyewe si la kipuuzi. Kanda ya Ziwa ina pesa kuliko wanavyodhani watu wa Dar es Salaam. Kuna dhahabu ya Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2000, na tangu mwaka 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kiko hapa hapa Mwanza. Kuna minofu ya sangara inayopanda ndege. Kuna mabondo ya sangara huyo huyo, ambayo kilo yake inanunuliwa na wafanyabiashara wa Asia kwa bei inayoufanya mnofu uonekane kama takataka. Pesa ipo. Na bado ukikaa pale Kenyatta Road tangu asubuhi hadi jioni utahesabu Harrier, Crown, Prado na Vanguard mpaka uchoke, na huenda usione gari hata moja la spoti la Ulaya.

Wenye uwezo wananunua gari refu. Hata Diamond Platnumz alipojinunulia Rolls-Royce mwaka 2021, alichukua Cullinan, ile iliyojengwa kwa umbo la gari la porini. Watu waliangalia nembo wakasahau kuangalia urefu wa tairi na nafasi iliyopo chini ya bodi. Nadhani mle ndimo lilimo jibu la nusu ya swali letu. Nusu nyingine iko TRA.

Tuanze na TRA. Gari la mtumba linalozidi miaka 10 na lenye injini ya zaidi ya sisi 2,000 linatozwa hivi: ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini. Juu ya jumla hiyo unakuja ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa sababu ya ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uzee, ile ambayo madalali wanaiita tozo ya uchakavu. Juu ya yote hayo inapigwa VAT ya asilimia 18. Tuseme Porsche yetu imefika Dar es Salaam kwa thamani ya dola 30,000. Forodha dola 7,500. Ushuru wa bidhaa na uchakavu dola 15,000. VAT dola 9,450. Gari la dola 30,000 limekuwa la karibu dola 62,000 kabla hujalipa tozo ya reli, ada za forodha, wakala wa kutoa mzigo, ukaguzi na usajili. Umenunua gari mbili, moja umeiacha bandarini.

Na hiyo dola 30,000 si lazima iwe ile uliyoilipa. TRA ina kikokotoo chake cha thamani za magari yaliyotumika, kinapatikana mtandaoni kwa yeyote, na ndicho kinachoangaliwa. Risiti yako ya bei poa kutoka mnada wa Yokohama haiwashtui sana. Kwa Toyota IST hilo halina shida, maana IST zimeingia maelfu na thamani yake inajulikana. Kwa gari linaloingia moja kwa mwaka, thamani inaweza kukushangaza, na kubishana nako kunakula siku huku gari likihesabiwa gharama za kuhifadhiwa bandarini.

Ukitaka kuona jinsi serikali zinavyotofautiana, tazama majirani. Kenya haipokei kabisa gari la mtumba lililozidi miaka 8. Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 imepiga marufuku yaliyozidi miaka 15. Tanzania haijafunga mlango, imeuwekea kiingilio. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: Porsche ya mwaka 2003 ambayo tajiri wa Nairobi haruhusiwi kuiagiza leo hata akilia machozi, mtu wa Nyegezi anaruhusiwa, mradi awe tayari kulipia uzee wake. Kwa mpenzi wa magari ya zamani, nchi yetu ndiyo yenye huruma kuliko zote tatu. Huruma ya kulipia, lakini huruma.

Kuna jambo moja la usukani ambalo wengi hulisahau. Sisi tunaendesha kushoto, Wajapani vilevile, kwa hiyo mtu anadhani gari lolote la Japani lina usukani wa kulia. Kwa Toyota, ndiyo. Kwa Ferrari na wenzake, matajiri wengi wa Japani kwa miaka mingi walipenda usukani wa kushoto, kwa sababu ndivyo gari lilivyotoka Italia na ndivyo jirani angejua kwamba ni la Ulaya. Dubai nako, ambako magari haya yamejaa na bei ni nzuri, usukani ni wa kushoto. Kwa hiyo uwanja wa kuchagua unakuwa mdogo: Uingereza, Afrika Kusini, Singapore, na sehemu tu ya zile za Japani. Usione picha ya nje ukatuma pesa. Omba picha ya ndani.

Omba pia karatasi ya mnada. Mnada wa Japani hulipa kila gari alama: 4.5 ni gari zuri sana, 3.5 ni la kawaida lenye mikwaruzo yake, na herufi R maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Gari la spoti lenye R ni gari ambalo mtu fulani alilisukuma kwenye kona likamshinda. Wauzaji wanaojua kazi yao hukutumia karatasi hiyo bila kuulizwa, na anayekuzungusha ameshakupa jibu.

Basi gari limetoka bandarini. Mwanza iko mbali zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Watu wanaoleta IST huita dereva, wakampa posho na mafuta, na kesho yake gari liko Buzuruga. Kwa gari lenye nafasi ya sentimita 10 au 12 tu kati ya tumbo na lami, huwezi kufanya hivyo. Kila kijiji kina matuta yake, na kati ya tuta na tuta kuna mifereji ambayo malori yameichonga kwenye lami kwa magurudumu. Gari refu linatembea juu ya mifereji hiyo bila kujua. Gari la spoti linaegemeza tumbo kwenye kile kigongo cha katikati. Lipandishe kwenye lori la kubeba magari na ulipie. Kisha mtafute mtu wa kulishusha taratibu, kwa mbao ndefu, maana ngazi za chuma za lori lenyewe zina mwinuko unaotosha kuking'oa kidevu cha bampa.

Halafu Mwanza yenyewe. Mji huu umejengwa juu ya mawe, na hatujifichi, tunalitangaza kwenye kila kadi ya posta yenye picha ya mwamba wa Bismarck. Katikati ya mji barabara ni tambarare kiasi: Kenyatta, Nyerere, Makongoro hadi uwanja wa ndege. Ukiacha lami kuu unaanza kupanda. Isamilo, Bugando, Mabatini, Igogo, Bugarika, njia zinakwenda juu kama ngazi, na nyingi kati ya hizo ni zile barabara zetu za mawe, zilizopangwa kwa mikono, imara kweli, mvua haizili, lakini zinatikisa gari mpaka usukani unacheza mikononi. Gari la spoti lina shokapu ngumu na tairi nyembamba ubavuni. Mtikiso ambao Noah inaumeza, lenyewe linaupeleka moja kwa moja mgongoni kwako, na kwenye taa, na kwenye kila klipu ya plastiki iliyozeeka.

Ukumbuke pia geti la nyumbani. Nyumba zetu za mlimani zina mfereji mbele ya geti na zege lililoinuka kuuvuka. Pale ndipo Ferrari nyingi za dunia hii zingeishia, si kwenye mbio.

Sasa kuna msomaji ameshaanza kusema: mbona magari ya spoti yalikimbia Safari Rally? Yalikimbia, na kisa chake ni kizuri kukisimulia kwa kirefu, kwa sababu kinajibu zaidi ya kinavyouliza.

Mashindano yale yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waandaaji wa miaka ile ya mwanzo walikuwa na busara moja ya kipekee: waligawa magari kwenye makundi kwa bei yake ya dukani, si kwa ukubwa wa injini. Walitaka kujua gari lipi la bei gani linafaa barabara za Afrika Mashariki, swali ambalo ndilo tunalojiuliza hapa miaka zaidi ya 70 baadaye. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, gari la spoti hasa, la milango miwili na pua ndefu. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mtoto wa Uganda, akashinda tena kwa 240Z. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba barabara zetu na gari la spoti ni maji na mafuta.

Lakini tazama Porsche. Kampuni ile iliutaka ushindi wa Safari kwa hamu kubwa kuliko karibu ushindi mwingine wowote wa rali. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada alishika nafasi ya pili kwa 911. Mwaka 1974 Björn Waldegård akawa wa pili, nyuma ya Joginder Singh wa Nairobi aliyekuwa na Mitsubishi Lancer, gari la kwenda nalo sokoni. Mwaka 1978 wakarudi na jeshi kamili, wakaziinua 911 zao mpaka nafasi ya chini ikafika sentimita 28, wakazivika bamba la chuma tumboni, na Vic Preston mdogo, Mkenya, akashika nafasi ya pili. Aliyeshinda alikuwa na Peugeot 504 Coupé. Peugeot! Gari la ukoo ule ule ambao wazee wetu waliugeuza teksi ya kubeba watu tisa na mizigo juu.

Sentimita 28. Waliotengeneza lile gari walikuja hapa, wakatazama barabara, na jambo la kwanza walilofanya ni kulinyanyua. Mwaka 2022 wakatoa hata toleo la kuuza, 911 Dakar, refu kuliko 911 ya kawaida na linaloweza kujiinua hadi sentimita 19 hivi. Wakatengeneza 2,500 tu, na bei yake haihusiani na makala hii. Lamborghini nao wakaja na Sterrato mwaka huo huo. Yaani viwanda vyenyewe vimefikia pale ambapo fundi wa Nyakato alifika zamani, anapokuwekea spesa juu ya springi za IST yako ili isisugue matuta.

Usije ukamwambia fundi huyo aweke spesa kwenye 911 ya kawaida, hata hivyo. Kwenye IST inavumilika. Kwenye gari ambalo pembe za magurudumu zimepigiwa hesabu ya nyuzi, ukiliinua sentimita tano kwa vipande vya chuma, linaanza kula tairi upande mmoja, eksi zinafanya kazi zikiwa zimepinda, na breki ya ghafla kwenye kasi inakuwa bahati nasibu. Kuinua gari la spoti ni kazi ya kubadilisha mfumo mzima wa chini, na wanaoifanya vizuri wako mbali na hapa.

Nimetaja fundi, na hapa ndipo hesabu inapogeuka kabisa. Watu huogopa mafuta. Wanasema Ferrari inakunywa. Inakunywa, kilomita 4 au 5 kwa lita ukiwa mjini. Chukua petroli ya shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, uendeshe kilomita 5,000 kwa mwaka, ambazo ni nyingi kwa gari la Jumapili: umetumia lita kati ya 1,000 na 1,250, yaani milioni 3 hadi milioni 3.75. Bima kubwa ya gari la milioni 150, kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5 na VAT yake, ni zaidi ya milioni 6. Bima peke yake imeshayapita mafuta. Na bado gari halijaharibika.

Litaharibika. Si kwa sababu ni bovu, bali kwa sababu lilitengenezwa kwa mtu mwenye fundi wake. Ferrari 360 ina mkanda wa taimingi, na ratiba ya kawaida ni kuubadilisha kila baada ya miaka mitatu hivi hata kama gari limetembea kilomita 500 tu. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni, na hapo huzungumzii matengenezo, unazungumzia injini. Afadhali 360, mkanda wake unafikiwa kwa kufungua kifuniko nyuma ya viti. F355 iliyoitangulia, ya miaka ya 1994 hadi 1999, lazima injini yote ishushwe chini. Ndiyo maana F355 inaweza kuonekana rahisi kwenye tangazo: anayeuza anajua tarehe ya mkanda, wewe hujui. F430 iliyofuata inatumia cheni, na mtu akining'ang'aniza kwamba lazima awe na Ferrari, hiyo ndiyo ningemwambia aitazame.

Giaboksi nayo. Nyingi za 360 zina gia za kubonyeza kwenye usukani, klachi ikiendeshwa na pampu ya mafuta ya haidroliki. Ni mfumo wa kubadilisha gia kwa kasi, si wa kunyatia. Uuweke kwenye foleni ya Mabatini saa kumi na mbili jioni, bajaji mbele, bodaboda pembeni, gari likitambaa nusu mita nusu mita kwenye mlima, klachi inaungua kama kitambaa. Klachi ya namna hiyo huweza kuisha kabla ya kilomita 20,000, na mtu mwenye mguu mbaya ataimaliza mapema zaidi.

Porsche ni nafuu kwenye mengi, ila zile 911 na Boxster za kwanza za kupoozwa kwa maji, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, zina beringi moja ndogo ndani ya injini, maarufu kwa jina la IMS. Beringi hiyo inapokufa haikohoi wala haipigi hodi. Dawa yake ni kuibadilisha mapema, siku klachi inapofunguliwa, kwa kuwa giaboksi liko chini tayari. Muuzaji akiwa na risiti ya kazi hiyo, gari lake lina thamani zaidi. Asipokuwa nayo, itoe gharama hiyo kwenye bei kabla hujakubaliana.

Mafundi wa Mwanza si wabaya. Mtu anayefungua Scania usiku kwa mwanga wa simu akaifunga tena ikaondoka hawezi kuitwa fundi mbaya. Tatizo ni vifaa na taarifa. Mashine ya kompyuta ya kupimia magari iliyozoeleka gereji inasoma Toyota vizuri, na itakuonyesha makosa ya injini ya Porsche, lakini ikifika kwenye giaboksi, breki za kielektroniki na mifuko ya hewa inanyamaza. Mafuta ya giaboksi ni ya namba maalumu. Nati nyingine zinataka spana ambayo haiuzwi Kariakoo. Na tairi za nyuma pana za inchi 18 au 19 huzikuti dukani hapa, unaagiza, na zikija angalia zile tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzima lakini yenye umri wa miaka kumi ni tairi ya kufia nayo kwa kasi ya aina hii.

Kwa upande huu Mwanza ina bahati ambayo Dodoma haina. Nairobi, ambako kuna kituo rasmi cha Porsche, iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Unapitia Musoma, Tarime, Sirari, siku moja ya barabara. Kwa Ferrari inabidi uangalie Johannesburg, na hapo si safari tena, ni usafirishaji.

Kwa hiyo kinachotokea ni hiki: kifaa cha dola 200 kinaharibika, kinaagizwa, kinakuja kisicho chenyewe, kinarudishwa, kinaagizwa tena. Gari limesimama miezi minne. Likisimama, betri inakufa. Petroli inazeeka kwenye tangi. Tairi zinabonyea pale zilipokaa. Panya wanaingia kwenye joto la injini wakatafuna waya, na waya za magari haya ni mtandao mnene ambao fundi umeme akiukata vibaya atakuundia tatizo jipya kwenye kioo cha dirisha. Siku kile kifaa kinafika, gari lina magonjwa matano. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema gari la spoti ni ghali kuliendesha. Kuliendesha ni rahisi. Ghali ni kulisimamisha.

Kinachochekesha ni kwamba sheria yetu inadhani kinyume. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ikaihamishia kwenye bei ya mafuta. Gari lisilotembea halilipi. Serikali inamwonea huruma mwenye gari lililolala. Ni panya tu wasiomwonea.

Niseme na mema ya ziwa. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi. Mtu wa Zanzibar au Tanga akiegesha gari pwani, kutu inaanza kwenye pindo za milango na mabomba ya breki. Mwanza gari linakaa miaka bodi ikiwa safi. Kwa gari lenye chasisi ghali, hilo ni jambo kubwa. Upande wa pili, tuko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ferrari ya farasi 400 ikifika hapa ni ya farasi 360 hivi. Yenye tabo haisikii sana. Anayenunua nguvu aweke hilo akilini.

Atazitumia wapi, hata hivyo, hizo nguvu? Sheria ni kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kutoka Mwanza kwenda Shinyanga makazi hayaishi: Usagara, Misungwi, Mabuki, kibao kinafuata kibao, na chini ya mwembe kuna trafiki na tochi yake. Gia ya kwanza peke yake ya 911 inavuka 60. Yaani unaweza kupata faini ya shilingi 30,000 bila hata kufika gia ya pili. Kuna raha zake, sikatai. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea mwenye gari la chini ile hofu ya kupanda mlango wa kivuko na pua ikigusa chuma. Kuna tambarare ya Magu kwenda Lamadi, ziwa mkono wa kushoto, asubuhi kabla ya malori. Na kuna mzunguko wa Capri Point jioni, ambako kasi haihitajiki kwa sababu kazi ya gari pale ni kuonekana.

Kama mtu anatafuta raha yenyewe, si nembo, yapo magari ambayo yanaipata raha hiyo bila kumfilisi. La kwanza kwangu ni Toyota MR-S, lililotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2007. Viti viwili, paa la kukunja, uzito wa tani moja hivi, na injini iko katikati, nyuma ya viti, kama Ferrari. Utamu uko kwenye injini yenyewe: ni 1ZZ, ile ile iliyomo kwenye Premio, Allion na Wish za sisi 1,800. Plagi, pampu ya maji, sensa, gasketi, vyote viko madukani, na hakuna fundi wa Mwanza asiyeifahamu. Kwa kuwa haifiki sisi 2,000, ushuru wake wa bidhaa kwa injini ni asilimia 5 badala ya 10. Chagua yenye gia za mkono, maana ile ya gia za kompyuta ina pampu inayosumbua, na zile za mwanzo uzipime kama hazili oili. Bado liko chini, bado matuta utayapita kwa mshazari. Lakini likikwama Bunda, utaondoka Bunda.

Mwenye kutaka nguvu zaidi aangalie Fairlady Z ya 2002 hadi 2008, mjukuu wa ile Datsun ya Mehta. Injini yake ya sisi 3,500 ni ya ukoo mmoja na ya Murano na Elgrand, kwa hiyo vifaa vya injini si ndoto. Na mwenye familia, kusema kweli, Subaru Forester yenye tabo inafanya kazi yote hiyo ikiwa na nafasi ya kutosha chini na viti vya watoto nyuma. Haina jina la Kiitaliano. Vijana wa Igoma wanaujua mlio wake kabla haijatokea kwenye kona.

Bado kuna hoja moja ya wajuaji: kwamba Ferrari na Porsche za zamani hazishuki bei, ni akiba. Ulaya na Marekani kuna ukweli, hasa kwa zile za gia za mkono. Hapa hoja hiyo haisimami. Nusu ya pesa uliyoweka kwenye gari ni kodi, na kodi haitoki nchini pamoja na gari. Mnunuzi wa London au Tokyo atakulipa bei ya gari, hatakulipa forodha ya Dar es Salaam. Mnunuzi wa hapa ni mmoja, anajua kwamba yuko peke yake, na anajua gari limesimama tangu mwaka jana.

Msimamo wangu ni huu. Mwanza unaweza kumiliki Porsche ya kupoozwa kwa maji kama una gari jingine la kazi, banda lenye sakafu, njia ya lami hadi getini, na pesa ya kununua gari hilo mara mbili na nusu: mara moja kwa muuzaji, mara moja kwa TRA, na nusu ya tatu ikae benki isubiri. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, chukua MR-S. Ferrari usinunue, isipokuwa kama hutaki kuiendesha. Na wewe uliyekwisha kuamua, kabla hujatuma dola, fungua kikokotoo cha TRA uandike modeli na mwaka, kisha chukua rula utoke nje ukapime tuta la mtaani kwako.